Nyuzi nano zinapogoma: dalili na sababu kutoka maabara ya pwani, Mtwara

Sindano inadondosha matone, foili ya alumini bado haina kitu, na karatasi ya maelekezo uliyoichapisha inasema kwa kilovolti 15 nyuzi zilitakiwa ziwe zimeshaanza kuruka. Hapo nimesimama mara nyingi. Kazi yenyewe ni kusokota nyuzi nano kwa umeme: volti kubwa inavuta mkondo mwembamba wa myeyusho wa polima (kitu chenye molekuli ndefu kama minyororo) kutoka kwenye ncha ya sindano hadi kwenye ngoma inayozunguka, nao unakauka njiani kuwa uzi wa nanomita mia kadhaa, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Maelekezo mengi ya kusokota nyuzi kwa umeme yameandikwa na watu wa vyumba vikavu, vyenye hewa inayochujwa na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) ya kuaminika. Sisi tuko Mtwara, hatua chache kutoka baharini, na kati ya Desemba na Aprili kipimo cha unyevu ukutani kinaweza kukaa juu ya asilimia 80 tangu alfajiri. Kwa hiyo dalili nyingi zinazofanana na kosa la kemia, hapa kwetu ni kosa la hewa, la chumvi au la waya. Nimezipanga kadiri zinavyomjia mtu kazini.

Mfano wangu ni poliakrilonitrili, PAN kwa kifupi, iliyoyeyushwa kwenye dimethilifomamidi, yaani DMF. Ndiyo polima inayosamehe makosa kuliko nyingine nilizojaribu, na ndiyo iliyochunguzwa sana kwa upande wa nguvu. Pa kuanzia: asilimia 10 ya PAN kwa uzito, kilovolti 15, sentimita 15 kati ya ncha ya sindano na ngoma, mililita 1 kwa saa. DMF inaumiza ini na inapenya ngozi. Glavu za nitrili, zile za bluu zilizozagaa kila mahali, haziizuii kwa muda wa maana. Tafuta za butili, na fanya kazi penye feni ya kutolea mvuke nje. Kuhusu umeme wa kilovolti 15 sina haja ya kuhubiri: usifungue kisanduku kabla hujazima na kugusisha ncha ya sindano na waya wa ethi ulioshikwa kwa kijiti kisichopitisha umeme.

Tone linaning'inia, mkondo hautoki

Kabla ya kuongeza volti, tazama umbo la tone. Umeme ukifika sawasawa, tone huchongoka kuwa koni. Geoffrey Taylor alionyesha mwaka 1964 kwamba nusu ya pembe ya koni hiyo ni digrii 49.3, ndiyo maana inaitwa koni ya Taylor. Tone likibaki duara kama la bomba bovu, umeme haujafika au unavuja njiani.

Huku pwani mara nyingi unavuja. Upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inajipaka kwenye stendi ya plastiki inayoshika sindano, na usiku inanyonya unyevu. Asubuhi plastiki uliyoiamini inapitisha umeme kidogo kidogo kutoka kwenye sindano hadi kwenye meza. Ukizima taa utasikia mlio mdogo kama wa mafuta kikaangoni, na pengine uone mwanga wa zambarau kwenye kona za stendi. Zima kila kitu, futa stendi kwa maji yaliyotoneshwa, kisha kwa spiriti, acha ikauke kabisa (spiriti na cheche havikai chumba kimoja), ndipo uwashe. Kuanzia Desemba nafanya hivyo kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai.

Stendi ikiwa safi na tone bado duara, angalia kibanio kinachoshika sindano kama hakina kutu. Kutu hapa haichukui mwezi. Mwisho kabisa, angalia kama ncha imeziba. Ngozi ya PAN hujijenga mdomoni mwa sindano. Ifute kwa kitambaa chenye DMF, pampu ikiwa imezimwa na ncha imeshagusishwa na ethi.

Nyuzi zinaruka lakini haziendi kwenye ngoma

Zinakwenda kwenye pampu, kwenye ukuta wa kisanduku, kwenye mkono wako. Kisa cha kwanza kilinipata mwenyewe. Mwaka wa mwanzo tulifunga waya wa ngoma kwenye nondo za dirisha, tukijua chuma ni chuma. Nondo zile zimeshindiliwa kwenye tofali kavu na hazigusani na ardhi popote. Ngoma ikajaa chaji, ikaanza kuzifukuza nyuzi, nami nikatoka pale na ndevu nyeupe kama mzee wa miaka 90.

Dawa yake ni kurudisha waya wa ngoma moja kwa moja kwenye tundu la ethi la mashine yenyewe ya volti kubwa, ili mzunguko ufungike bila kutegemea udongo. Kisha, kwa ajili ya usalama wako, mwite fundi apime ethi ya jengo. Udongo wetu ni kichanga. Kiangazi kichanga kikikauka ukinzani wake hupanda sana, na nondo fupi ya shaba iliyofaa wakati wa mvua inabaki pambo. Nondo ndefu zaidi, au mbili zilizounganishwa, husaidia.

Waya ukiwa sawa na nyuzi bado zinapotea, tafuta upepo. Kiyoyozi kinachopuliza kuelekea kisanduku kinatosha kuupeperusha mkondo mwembamba kuliko unywele.

Shanga

Kwenye hadubini unaona nyuzi zenye vinundu, kama tasbihi. Sababu kuu ni myeyusho mwepesi: minyororo ya polima haijasongamana kiasi cha kushikana, kwa hiyo mvutano wa uso wa kimiminika unaukunja mkondo kuwa matone kabla haujakauka. Panda kutoka asilimia 8 hadi 10, au 12, hatua moja kwa siku. Chumvi kidogo sana ya lithiamu kloridi nayo husaidia kwa kuongeza upitishaji wa umeme, kwa hiyo mkondo unavutwa kwa nguvu zaidi. Lakini lithiamu kloridi inanyonya unyevu kupita kiasi, na huku kwetu naiona ni kukaribisha mgeni utakayeshindwa kumtoa. Napendelea kuongeza polima.

Shanga zikitokea leo kwa myeyusho uleule uliokuwa safi juzi, achana na asilimia. Soma sehemu inayofuata.

Myeyusho ulikuwa angavu, leo una ukungu

DMF hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayayeyushi PAN. Chupa ikikaa wazi mchana mmoja wa Februari, myeyusho unaanza kufanana na maji ya kuoshea mchele, halafu unakuwa uji. Unga wa PAN nao unabeba unyevu. Kausha unga usiku mzima kwa nyuzijoto 60, kwenye oveni ya ombwe kama ipo. DMF itunze juu ya chembe kavu za zeolaiti, zile za kukaushia viyeyushi, na uchote kwa sindano kupitia kizibo cha mpira badala ya kumimina. Koroga kwa nyuzijoto 60 ukiwa umefunika, na usiondoke ukiuacha kwenye jiko la maabara wikiendi nzima: rangi ikigeuka njano, polima imeanza kubadilika, na nguvu utakayoipima si ya ile uliyoinunua.

Myeyusho wenye ukungu usijaribu kuuokoa kwa kuupasha moto. Utaonekana angavu, utasokotwa hata saa nzima, kisha utaziba sindano wakati umeshaondoka mezani.

Uzi una makunyanzi na vishimo

Hii ndiyo dalili ya pwani hasa, na ndiyo inayoua nguvu bila kujitangaza. Mkondo unapopita kwenye hewa yenye unyevu mwingi, mvuke wa maji unaingia ndani yake kabla DMF haijatoka. PAN inaganda upande wa nje kwanza na kufanya ngozi, ndani panabaki vyumba vitupu. Kwa juu utaona makunyanzi kama ya zabibu kavu. Ukivunja uzi ukiwa umegandishwa kwa naitrojeni kimiminika utaona sifongo. Kipenyo kinasoma nanomita 400, lakini nyama iliyopo ndani haifiki hapo.

Kiyoyozi peke yake hakitoshi. Tulichofanya ni kisanduku cha akriliki chenye trei mbili za jeli ya silika (chembe za kunyonya unyevu) chini, kipimo cha unyevu ndani, na mlango unaofungwa kwa ufito wa mpira. Tunasubiri kipimo kishuke hadi kati ya asilimia 30 na 45 ndipo tunawasha. Jeli ikibadilika rangi inarudi kwenye oveni kwa nyuzijoto 120 hadi irejee ilivyokuwa. Msimu wa mvua tunaikausha kila siku, na msimu wa kusi, Juni hadi Agosti, mara moja au mbili kwa wiki. Kama mradi wako unaruhusu kuchagua miezi, sokota nyakati za kusi na wakati wa mvua ufanye vipimo na kuandika. Hakuna aibu, hata wenye korosho wana msimu wao.

Usipake dawa hii kwa kila polima. Zinazoyeyuka kwa maji, kama polivinili alkoholi (PVA), zinateswa na unyevu kwa namna nyingine: hazikauki njiani, zinafika ngomani zikiwa majimaji na kuungana kama tambi zilizopikwa kupita kiasi.

Hadubini inaonyesha chembe zinazong'aa juu ya nyuzi

Sampuli zetu tunazituma Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kwa basi, kwa sababu hadubini ya elektroni iko huko. Mara ya kwanza picha zilirudi na vibonge vyenye pembe kali, na mwanafunzi mmoja akaanza kuandika aya nzima kuhusu fuwele za polima. Ilikuwa chumvi. Mkeka, yaani tabaka la nyuzi lililotolewa ngomani, ulikuwa umeachwa dirishani siku mbili ukauke. Kama hadubini ina kipimo cha elementi, omba wakiangalie kile kibonge: ukikuta sodiamu na klorini kwa pamoja, umejibiwa. Hifadhi mkeka kwenye chombo cha glasi chenye jeli ya silika tangu dakika unapoutoa ngomani, na usafirishe hivyohivyo.

Picha zikiwa na michirizi myeupe inayotembea, hiyo ni chaji inayojikusanya kwenye polima. Omba volti za chini za mwale, kilovolti 3 hadi 5, na tabaka jembamba la dhahabu. Uulize pia unene wa hilo tabaka, kwa sababu litakurudia kwenye hesabu hapo chini.

Uzi ni mwembamba na laini, lakini hauna nguvu

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska huko Marekani, akiwemo Yuris Dzenis, walipima nyuzi moja moja za PAN. Kipenyo kiliposhuka kutoka mikromita 2.8 hadi karibu nanomita 100, nguvu ya kuhimili mvuto ilipanda kutoka megapaskali 15 hadi 1,750, na ukakamavu, yaani ukaidi wa uzi kurefuka unapovutwa, kutoka gigapaskali 0.36 hadi 48, na nyuzi hazikugeuka kavu na kukatika upesi kama ilivyozoeleka kwa vitu vigumu. Tangu hapo kila mtu akipata uzi wa nanomita 300 anatarajia muujiza. Wembamba unasaidia kwa sababu unakwenda na minyororo iliyonyoshwa kuelekea upande mmoja. Uzi mwembamba ambao minyororo yake imejikunja kama sufi hauna cha kukupa.

Mzee mmoja mvuvi wa Msangamkuu aliwahi kunieleza jambo hili vizuri kuliko kitabu. Alishika mshipi wa nailoni wa bei poa, akauvuta taratibu, ukarefuka kisha ukakataa. "Mwanangu, mshipi mbaya ni ule ambao kiwandani hawakuuvuta," akasema. "Unamwachia samaki kazi ya kuumalizia." Nikamwambia shikamoo yake ya siku hiyo ilistahili kutolewa mara mbili.

Kwa hiyo uliza kwanza: nyuzi zilivutwa wapi? Ngoma yenye kipenyo cha sentimita 10 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, uso wake unakwenda takribani mita 10 kwa sekunde. Chini sana ya hapo nyuzi zinalala ovyo. Ukizidisha mno zinakatika, na mkeka unakuwa na vipande vifupi vinavyosimama kama manyoya.

Kisha mvuto wa moto. Mwaka 2019 kundi la Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, lilitengeneza kamba ya maelfu ya nyuzi za PAN zilizolala upande mmoja, wakaivuta kwa nyuzijoto 160, kisha wakaituliza kwa 130 ikiwa imekazwa, pamoja na kiungo kidogo cha kemikali cha kuzishikanisha. Walipata megapaskali 1,236 hivi. Neno la kushika hapo ni "imekazwa". Ukiuweka mkeka kwenye oveni ukiwa huru, juu ya nyuzijoto 100 hivi PAN inalegea, minyororo inarudi kujikunja, na mkeka unasinyaa na kukunjamana kama kaukau. Umeifuta kazi yote ya ngoma kwa nusu saa. Funga ncha zote mbili kwenye fremu ya chuma, au ning'iniza uzito.

Sababu nyingine ni DMF iliyobaki ndani. Inafanya kazi kama mafuta kati ya minyororo: uzi unarefuka sana, unakatika kwa kani ndogo. Pima uzito wa mkeka kila baada ya saa chache kwenye oveni ya ombwe hadi namba isibadilike tena. Mwenye kipimo cha infraredi aangalie karibu na namba ya wimbi 1,670 kwa sentimita; kilele hapo ni DMF. Usikichanganye na kile cha karibu 1,730, ambacho hutokea kama PAN uliyonunua imechanganywa na akrileti kiwandani. Kilele cha nitrili yenyewe kiko karibu na 2,243, na hicho lazima ukione, la sivyo umepima kitu kingine.

Namba ya nguvu haieleweki

Hapa ndipo nimepoteza muda mwingi kuliko pengine popote, na karibu kila mara uzi haukuwa na kosa. Mkazo ni kani kugawa kwa eneo. Kani mashine inaisoma yenyewe. Eneo unalileta wewe.

Chukua mkeka. Kipande chenye upana wa milimita 5, urefu wa milimita 40, na unene wa milimita 0.06 kwa mikromita ya mkono, kimekatika kwa nyutoni 4. Ukigawa kwa upana mara unene unapata megapaskali 13, unakata tamaa. Lakini kipande hicho kina uzito wa miligramu 2. PAN ina gramu 1.18 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo polima halisi ni milimita za ujazo 1.7 ndani ya kipande cha milimita za ujazo 12. Asilimia 86 ni hewa. Fanya kama wenye nguo: miligramu 2 kwa milimita 40 ni teksi 50, yaani gramu 50 kwa kilomita. Nyutoni 4 kwa teksi 50 ni 0.08, ukizidisha kwa 1.18 unapata gigapaskali 0.094, ambazo ni megapaskali 94. Kipande kilekile, kani ileile. Mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu ni rafiki wa kweli kuliko mikromita inayokandamiza mkeka kama chapati.

Uzi mmoja ni shida nyingine. Uzi wa nanomita 300 wenye nguvu ya megapaskali 500 unakatika kwa mikronyutoni 35 tu, sawa na uzito wa miligramu 3.6, chini ya robo ya punje ya mchele. Mashine ya kawaida yenye kihisio cha nyutoni 10 haitauona kabisa. Utakachochora ni mtetemo wa kiyoyozi na bodaboda inayopita nje. Kama huna kihisio cha kiwango hicho, pima kamba yenye nyuzi nyingi zilizolala upande mmoja na useme wazi kwamba ulipima kamba.

Ukiwa nacho, chunga kipenyo, kwa sababu kinaingia kwenye hesabu kikiwa kimezidishwa kwa chenyewe. Kosa la asilimia 10 kwenye kipenyo ni takribani asilimia 20 kwenye nguvu. Turudi kwenye dhahabu: tabaka la nanomita 10 kila upande linaufanya uzi wa 300 usomeke 320, na nguvu yako inashuka asilimia 12 bila uzi kujua. Ondoa unene wa dhahabu kwenye hesabu. Tena, pima kipenyo cha uzi uleule uliokatika, karibu na ulipokatikia, sehemu kadhaa. Wastani wa nyuzi 100 za mkeka jirani unafaa kwa ripoti ya umbo tu.

Ukakamavu ukitoka mdogo huku nguvu ikiwa ya kuridhisha, shaka urefukaji. Mashine inapima mwendo wa vibanio, na ndani ya mwendo huo mna gundi inayonyooka na fremu ya karatasi inayojikunja. Pima urefu tofauti, tuseme milimita 5, 10 na 20. Ukakamavu ukipanda kadiri kipande kinavyokuwa kirefu, tofauti hiyo ni ya mashine.

Na kama uzi unakatikia kwenye kibanio kila mara, tatizo ni gundi au fremu. Gundi ya haraka ya dukani inapanda juu ya uzi kwa mnyonyo na kuufanya mkavu milimita nzima mbele ya kibanio. Epoksi nzito haipandi. Fremu ya karatasi nayo ikinyonya unyevu inapinda na kuuvuta uzi pembeni kabla hujaanza. Kata fremu kutoka kwenye plastiki nyembamba ya majalada, zile za stationeri, haijali masika. Vipimo vilivyokatikia kibanioni usiviingize kwenye wastani, ila andika idadi yake: siku niliyoanza kuandika niligundua kumi na moja kati ya ishirini vilikuwa vya namna hiyo, na nilikuwa nimeshavihesabu vyote.